Vidole Vitatu vya Bwana Moto

Katika gereji ile sheria ilikuwa moja, na aliyeitunga ni Bwana Moto mwenyewe: turbo ikiingia, AC inatoka. Mteja angekuja na gari lake, anataka liongezwe nguvu, lipande milima kama linateremka, wenzake wale vumbi. Bwana Moto angefungua boneti, angechungulia, kisha angenyoosha kidole. "Hiki kidude chako cha ubaridi kimekaa mahali pa bomba langu. Chagua mwenyewe. Unataka mbio au unataka baridi?" Sasa nani aende kwa fundi wa turbo kutafuta baridi? Wote walichagua mbio. Nyuma ya gereji kulikuwa na lundo la kompresa za AC zilizong'olewa, zimeota kutu, na kuku wa jirani walikuwa wakitaga humo.

Basi siku Bwana Moto aliposema kwamba gari lake mwenyewe litafungwa turbo na AC haitoki, binti yake alidhani hakusikia vizuri.

"Haitoki, Baba?"

"Haitoki. Hayo uliyonayo ni masikio au ni vishikio vya miwani?"

Huyo binti wateja walimwita Kona, kwa sababu hakukuwa na bomba lililomshinda kulikunja. Alikua chini ya magari ya watu, akajifunza kuchomelea kabla hajajifunza kusuka nywele, na mama yake alipolalamika kwamba mtoto wa kike ananuka grisi, Bwana Moto alijibu kwamba grisi hutoka kwa sabuni lakini ujinga hautoki. Walikuwa hivyo, baba na binti. Maneno makali mchana kutwa, na chakula sahani moja jioni.

Sababu ya AC kubaki ilikuwa ugonjwa. Daktari alisema ni wa neva, akautaja kwa jina refu ambalo lilibaki kule kule hospitali, maana hakuna aliyeweza kulibeba mpaka nyumbani. Walichokibeba ni hiki: mwili wa Bwana Moto ukipata joto, miguu inalegea na macho yanaingia ukungu. Akipozwa, nguvu zinarudi, ila mwezi hadi mwezi zilikuwa zinarudi pungufu. Mtu aliyekula na kulala na moto, aliyeokota vyuma vyekundu kama wewe unavyookota kijiko, leo jua la saa nne linamwangusha mlangoni kwake! Dunia ina visa, lakini kisa hiki kilikuwa cha uchokozi mtupu.

Tena angevumilia, kama si dada yake. Shangazi yake Kona aliishi ng'ambo ya mlima. Ndiye aliyemlea Bwana Moto walipofiwa na wazazi. Yeye ndiye aliyemshika mkono akiwa kijana wa magoti makavu, akampeleka gereji, akamsihi fundi wa zamani ampokee, akamsihi tena alipofukuzwa kwa utundu. Sasa bibi huyo alikuwa amelala kitandani hainuki, na masikio yalikuwa yameziba kabisa. Ukimpigia simu, jirani yake ndiye anapokea, anakwambia habari, na wewe unabaki umeishika simu kama mtu aliyeshika kikombe kitupu.

"Yeye hasikii, mimi sioni sawasawa," Bwana Moto alimwambia mkewe. "Tukizidi kuchelewa tutakutana tupapasane tu. Nataka anione, na mimi nimwone. Basi. Sitaki kingine."

Basi la abiria lisingemfaa, lile ni tanuri lenye viti. Kusafiri usiku hakukuwezekana, kwa sababu barabara ya mlimani ilifungwa kwa geti jua likizama, mawe yalikuwa yakiporomoka gizani. Na gari lake dogo walishalijaribu. Uwandani lilikwenda vizuri na ubaridi wake, lakini lilipoanza kupanda mlima, injini ikashindwa kubeba vyote viwili. Ukiwasha AC, gari linakufa. Ukizima AC, Bwana Moto ndiye anakufa. Wakarudi nyumbani. Siku ile ndipo alipopata wazo la turbo: injini ipewe mapafu, ipande na ubaridi wake ndani.

Kwa hiyo msidhani lilikuwa jambo la majivuno ya mafundi. Turbo ndiyo miguu ya kupanda mlima, AC ndiyo uhai wa mpandaji. Kimoja kikikosekana, ndugu wawili hawaonani.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kukata na shoka. Kompresa ya AC ilikaa mbele ya injini, chini, pale pale ambapo bomba linalotoka kwenye turbo lilitaka kushuka. Ndiyo maana miaka yote waliing'oa: hapana nafasi ya wawili. Kona akaigeuza turbo, akaipandisha juu karibu na boneti, akalikunja bomba lipite ubavuni mwa gia boksi, litumbukie chini, liinuke kidogo, ndipo lielekee nyuma. Mpira wa gesi ya AC nao akausogeza, akaufunga kwa klipu pembeni. Kila alipopata njia, kitu kingine kilikuwa kimekaa njiani. Alikata, akajaribisha, akatoa, akakata tena. Vipande vya bomba vilivyokataliwa vilijaa sakafuni, na mpiga rangi wa banda la jirani, mtu mwenye maneno mengi kuliko rangi, akaja kusimama mlangoni.

"Dada, unatengeneza gari au unafuga nyoka?"

"Nafuga. Sogea karibu nikuonyeshe anavyouma."

Bwana Moto alikuwa amekaa kwenye kiti kilichong'olewa garini, kivulini, taulo lililolowa maji shingoni, mkewe pembeni na ndoo. Alicheka mpaka akakohoa. Zamani angekuwa chini ya gari yeye mwenyewe. Sasa kazi yake ilikuwa kusikiliza. Kwa mlio wa msumeno tu aliweza kusema, "Umeukandamiza mno, tulia," na kweli Kona alikuwa ameukandamiza.

Sasa nieleze kuhusu vidole, maana bila hivyo hutaelewa.

Gereji nyingine walipima kwa rula. Kwa Bwana Moto walipima kwa mkono. Kanuni ilikuwa kwamba bomba la moto lisikaribie kitu chochote kisichopenda moto, uwe waya, uwe mpira wa breki, uwe mpira wa mafuta, kwa chini ya vidole vitatu vilivyobanwa pamoja. Na vidole vyenyewe vilikuwa vyake yeye. Vilikuwa vinene hasa. Mteja mmoja aliwahi kusema kushikana mkono na Bwana Moto ni kukabidhiwa kichane cha ndizi. Kona alikuwa na vidole vyembamba vya mama yake, kwa hiyo hata alipokuwa amekomaa kazini, kila bomba alilichomelea kwanza kwa nukta chache tu, lishike, halafu anamwita baba yake. Bwana Moto anakuja, anapitisha mkono. Vidole vikipita, Kona anachomelea moja kwa moja. Visipopita, bomba linakatwa, hata mteja akilia. Huo ndio ulikuwa muhuri wa gereji, na hakuna gari lililowahi kutoka bila kupitishwa mkono.

Tangu ugonjwa umlaze Bwana Moto, Kona alikuwa akifanya kazi ndogondogo, kuziba matundu ya ekzosi na kubadilisha mabomba ya nyuma. Gari la baba yake lilikuwa turbo ya kwanza tangu wakati ule.

Asubuhi ya kupitisha mkono, Bwana Moto alikuwa ananawa uso, pete yake ya ndoa ikachomoka na kutumbukia kwenye beseni. Mkewe akaizoa majini. Akaitazama, akaenda kutafuta uzi, akauzungusha kwenye pete ili isichomoke tena, kisha akamvisha.

"Imetanuka," Bwana Moto akasema. "Dhahabu nayo ni chuma tu. Ikipata joto inatanuka."

Mama hakucheka. Aligeuka akamwaga maji ya beseni mbali kuliko kawaida, akakaa huko nje muda.

Hapo ndipo penye uchungu, jamani. Wote watatu waliiona ile pete. Mama aliiona kama mke, akajua mumewe anakwisha. Kona aliiona kama mtoto, akaangalia pembeni. Hakuna aliyeiona kama fundi.

Kona akamshika baba yake kiwiko akamwongoza mpaka kwenye gari. Pale penye shida palikuwa mahali pamoja tu, ubavuni mwa gia boksi, ambapo bomba lilipita mbele ya mpira wa gesi. Macho ya Bwana Moto asubuhi ile yalikuwa yanaona vivuli. Akainama, akapapasa, akalifuata bomba kwa kiganja kama anayempapasa ng'ombe, akafika pale. Akabana vidole vitatu, akavipenyeza.

"Vinapita," akasema. Uso wake ukang'aa. "Hata vinacheza! Ah, Kona, mtoto wangu, umekuwa fundi. Vinacheza humu!"

Kona alichungulia. "Baba, mimi kwa macho naona kama ni karibu. Nikate niongeze kona moja, nilisogeze kidogo?"

"Kwa macho! Macho yangu mimi yamenifunza kwamba macho ni waongo. Mkono haudanganyi."

"Basi niweke hata kipande cha bati katikati, kizuie joto."

"Bati ni la mtu asiyejiamini. Bati linalegea, linapiga kelele, mwishowe linakata mpira lenyewe. Nimepitisha mkono. Au mkono wangu nao umekuwa wa kubishiwa?"

Ungejibu nini wewe? Jana yake jirani wa Shangazi alikuwa amepiga simu kusema bibi ameanza kukataa chakula. Kukata na kuanza upya kulimaanisha kutafuta kipande kingine cha chuma kinachostahimili moto wa turbo, na chuma kile hakikuwa cha kuokota njiani. Tena yule ni Bwana Moto. Tunafundishwa tungali wadogo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kona akasikia la mkuu. Akavuta miwani usoni, akachomelea bomba lote, mshono mzuri, umelala sawasawa, na moyoni kitu kikawa kinamkwaruza lakini akakiambia kinyamaze.

Waliondoka alfajiri. Kona usukani, Bwana Moto kando yake amevaa sweta, ndiyo, sweta! kwa sababu ya ubaridi, na Mama nyuma amejifunika mtandio mpaka puani.

"Mnanigandisha humu," Mama akalalamika.

"Ganda tu, mke wangu. Hiyo baridi ni ya kwangu, nimeisotea."

Walivuka uwanda jua likiwa limeshapanda. Nje miti ilikuwa imekunja majani, lami inameremeta kama imelowa, na ndani Bwana Moto alikuwa akisoma vibao vya barabarani kwa sauti, kimoja baada ya kingine, kuonyesha kwamba anaviona. Alisoma hata tangazo la magodoro. Kona hakumbuki kama aliwahi kuwa na furaha kama ile, na hataki kukumbuka sana.

Mlima ukaanza. Ulikuwa mlima wa mawe matupu, hauna msitu wala upepo. Mahali gari lilipokufa safari ile, Kona alikanyaga mafuta, turbo ikavuta pumzi, ikaimba, gari likapanda na AC yake inapuliza. Wakalipita lori. Wakalipita la pili.

"Sikia!" Bwana Moto akampiga Kona bega. "Sikia inavyopumua! Dada yangu atasema nini nikimwambia? Ala, hasikii. Nitamwonyesha kwa mikono."

Walikuwa katikati ya mlima kitu kilipopasuka chini ya boneti. Haukuwa mlio mkubwa, ni kama mtu amefungua chupa ya soda iliyotikiswa. Mvuke mweupe ukatoka pembeni, harufu ya mafuta tamutamu ikaingia ndani, na upepo uliokuwa unawapuliza usoni ukawa vuguvugu, kisha ukawa moto.

Kona alizungusha kitufe, akakizungusha tena, kama vile kosa lilikuwa la kitufe. Wakashusha vioo, upepo wa nje ukaingia kama umefunguliwa mlango wa tanuri. Bwana Moto akavua sweta. Akavua shati. Kwanza alisema miguu inawasha. Halafu akasema haisikii. Halafu akawa anafumba na kufumbua macho.

"Kona. Hicho mbele ni gari au ni mwamba?"

Mbele yao hapakuwa na kitu, ni barabara tupu.

Aliegesha kwenye kivuli chembamba cha ukuta wa kuzuia mawe. Wakamlaza chini kwenye mtandio wa Mama, wakammwagia maji yote waliyokuwa nayo. Dereva wa mojawapo ya malori waliyoyapita akafika, akasimama, akashusha kiboksi chake cha barafu bila kuuliza swali, akawaachia chote. Mungu ampe. Mama akaifunga barafu kwenye shati, akaiweka kifuani na shingoni, anamwita mumewe kwa jina ambalo Kona hakuwahi kulisikia, jina la ujana wao.

"Twende mbele," Bwana Moto akasema. Maneno yalikuwa yanatoka mazito, ulimi umevimba. "Mbele, Kona."

"Baba, tuko katikati. Ng'ambo kuna uwanda mwingine. Hutafika."

"Nitafika nikiwa nimekufa, si nitakuwa nimefika?"

"Mimi sitakupeleka maiti kwa Shangazi."

Akalia. Hakujificha, hakufunika uso. Alilala chali kando ya barabara na machozi yakawa yanaingia masikioni. Kona hakuwahi kumwona baba yake akilia. Akaenda akafungua boneti ili awe na kitu cha kufanya.

Mpira wa gesi ulikuwa umeiva. Upande uliotazama bomba ulikuwa umevimba, umebadilika rangi, umetoboka. Pale pale. Ubavuni mwa gia boksi, mahali vidole vilipocheza. Kona aliliangalia bomba na mpira, akaona kwa macho yake kile alichokiona siku ile: ni karibu mno. Lakini mkono ulipita! Aliushuhudia ukipita.

Walingoja jua lishuke, huko juu geti likafungwa, wao wakateremka na vioo wazi kurudi walikotoka. Bwana Moto alipopoa kiasi cha kuweza kuongea, alisema, "Mpira ulikuwa mzee."

"Eeh, Baba."

"Mpira wa zamani ule. Ulishakauka. Vidole vilipita."

"Vilipita, Baba. Mpira ulikuwa mzee."

Wakaagiza mpira mpya. Haujafika, simu ikapigwa. Kona ndiye aliyepokea, na jirani wa Shangazi hakuhitaji kumaliza sentensi. Alisema tu kwamba bibi siku za mwisho alikuwa akiomba kiti kiwekwe mlangoni, kimngoje anayekuja, na kwamba kiti bado kiko pale pale, hawajui wakiondoe au vipi.

Bwana Moto aligeukia ukutani. Tangu siku hiyo hakuuliza tena habari za gari, wala hakutaka kutolewa nje kukaa kivulini. Ugonjwa ulikuwa unamngoja akate tamaa, naye akakata, ukamshika vilivyo. Macho yakabaki na mwanga na giza tu.

Kona alirudi kazini kwa sababu nyumba hula kila siku. Mpira mpya ulifika, akauweka rafuni bila kuufungua.

Ndipo mpiga rangi akaleta pikapu lake. Lilikuwa pikapu la miaka mingi, Bwana Moto alilifunga turbo enzi ana nguvu zake, na sasa bomba lilikuwa limepata ufa kwenye mshono. Mpiga rangi akaegemea mlango, akataka kuanza mzaha, akaona uso wa Kona, akauacha.

Kona akajipenyeza chini. Aliujua mshono wa baba yake kama watu wanavyojua mwandiko wa mzazi, ule mpana, usio na haraka. Akauziba ufa. Kisha, kwa mazoea tu, mahali bomba lilipopita karibu na mpira wa breki, akapenyeza vidole vitatu.

Havikugusa kitu. Akaongeza cha nne. Kikapita, na nafasi ikabaki.

Akalala pale chini anaangalia. Labda bomba limehama. Akakagua vishikizo, kimoja kimoja: viko palepale vilipochomelewa, havijatikisika.

"Kaka," akaita kutoka chini ya gari, "hili bomba limewahi kuguswa na fundi mwingine?"

"Fundi gani mwingine? Bwana Moto mwenyewe alilipitisha mkono, nikiwa nimesimama hapa nilipo. Nakumbuka kwa sababu vidole vilikwama, akavisukuma, akasema, 'Vimepita kwa kubanwa, hivyo ndivyo ninavyotaka.' Mimi nikamwambia, mzee, kwa vidole hivyo vya tembo, umenipotezea nusu ya gari." Mpiga rangi akacheka peke yake kidogo. "Kwani vipi? Kuna tatizo?"

Kona akauondoa mkono kwenye bomba. Alikuwa ameiona pete. Aliiona ikitumbukia kwenye beseni, akamwona mama yake akizungusha uzi, akasikia, "Hata vinacheza! Umekuwa fundi!" Ukelele ulimpanda, akaumeza. Kanuni haikuwa na kosa. Bomba alilikunja vizuri. Mzee hakudanganya, wala yeye hakuzembea. Ni rula tu iliyokonda, na wao wakaendelea kuipimia.

Alitoka chini ya gari, akachukua kipande cha mbao, akakikata kikaingia sawasawa kwenye ile nafasi, kwa kubanwa. Akakitia mfukoni akaenda nyumbani, mchana, na nguo za kazi.

Mama alikuwa akifua uani. Pete ya mumewe ilikuwa shingoni mwake sasa, kwenye uzi ule ule. Hata kwa uzi haikukaa tena kidoleni. Kona akapita akaingia chumbani. Feni ilikuwa inazunguka, kitambaa kibichi kimetandazwa kifuani mwa Bwana Moto, macho yake wazi yakiangalia dari asiyoiona.

"Nani huyo? Ananuka chuma."

"Ni mimi, Baba."

Akaketi kitandani. Akauchukua mkono wa baba yake, akavikusanya vidole vitatu, akaviweka juu ya ile mbao. Mbao ikabaki, pande zote mbili. Ungeweza kuongeza kidole kingine na bado isijae. Hakuhitaji kupima, alishajua toka alipokuwa chini ya pikapu, lakini alipima, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa.

"Hiyo mbao ya nini?"

"Ya kuzibia dirisha la gereji."

"Mh," Bwana Moto akasema. "Nilikuwa nawaza. Mpira ule ulikuwa mzee, sivyo?"

Kona akaitazama mbao. Ilikuwepo kweli nzima pale mkononi mwake, imekatwa vizuri, na hakukuwa na mtu duniani ambaye ingemfaa.

"Ulikuwa mzee sana, Baba. Usingefika popote."

"Nilijua. Mkono haudanganyi." Akavipapasa vidole vya binti yake, kimoja kimoja, akavikusanya vitatu, akavibana katika kiganja chake, na kwa mara ya kwanza tangu simu ile akatabasamu. "Lakini wewe siku hizi una mkono mnene, mama. Kazi imekukubali."

"Ndiyo, Baba," Kona akasema. "Nimenenepa."